Kiganja cha Mchoma Nyama

Jirani yangu mchoma nyama husafisha jiko lake la chuma cha stenlesi likiwa bado vuguvugu. Husugua wavu wa kuchomea kwa brashi ya waya, hufuta kwa kitambaa chenye mafuta, kisha huupapasa kwa kiganja kitupu, taratibu, kama mama anayempima mtoto homa. Jana wateja walimjia juu.

“Mjomba, unalibembeleza jiko na sisi tunakufa njaa!”

“Vumilieni, wanangu. Brashi imenyonyoka.”

Wakacheka. Akaendelea kupapasa, midomo ikimcheza kama anayesali. Mara akashtuka. Kipande cha waya, chembamba kama unywele, kilikuwa kimemchoma kiganjani. Akakichomoa, akawaonyesha huku akitabasamu.

“Hiki kilikuwa kinakwenda kooni mwa mmoja wenu.”

Yule aliyelia njaa kuliko wote akasema polepole, “Papasa tena, mjomba.”