Fundo la Pili
Lusia alikuwa mkunga wa misheni moja milimani juu ya Uyole, karibu na Mbeya, kwa miaka kumi na tisa kabla hajawazia kuandika kitabu. Wanawake wa milimani waliozoea kuzalishana wenyewe walimjia kila mara na maswali yale yale, naye akaanza kuwaandikia kurasa chache za daftari waende nazo nyumbani, wakasomewe na watoto waliokuwa shuleni. Kurasa zikaongezeka. Mwaka 1955 mwalimu wa misheni akazipiga taipu, zikawa muswada wa kurasa arobaini na tatu, akaupeleka kwa wachapaji.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Walikuwa tayari kukitoa kitabu, ila walitaka picha kumi na mbili za wino mweusi, kwani wasomaji wengi wangetazama kuliko kusoma.

Mchoraji aliyemjua alikuwa mmoja tu, Zubery wa Iringa, aliyeandika mabango ya maduka na kuyapamba kwa baiskeli na mabirika. Lusia akaomba likizo, akapanda basi. Zubery alimpokea kwa heshima, akasoma kurasa tatu, akaufunga muswada.

"Mama, nisamehe. Baiskeli nakuchorea nimefumba macho. Haya ni mambo ya kina mama. Ngoja nikuitie mwenye mkono."

Akamwita mkewe, Mwanahawa, aliyewachorea wanawake wa mtaani maua ya kutarizi kwenye foronya. Mwanahawa alikuwa amezaa mara tatu, hakuona haya. Aliweka karatasi juu ya ubao, akachovya kalamu, akasema, "Nisomee."

Lusia alidhani kazi ingekwisha kwa siku mbili. Ilichukua tisa, kwa sababu Mwanahawa aliuliza.

"Umeandika 'mpokee mtoto vizuri'. Vizuri ndiyo vipi, mama? Mkono wa kulia uko wapi?"

"Chini ya kichwa."

"Na wa kushoto?"

Ikabidi Lusia akunje kanga na kuishika kama mtoto ndipo Mwanahawa achore. Kisha sentensi ikafutwa, ikaandikwa nyingine. Mwanzoni Lusia alikereka, maana mwalimu mwenyewe alikuwa ameusoma muswada asione kosa. Hata siku ya tatu ndipo alipoona kwamba alikuwa amewaandikia watu ambao tayari wanajua.

Siku ya nne walifika kwenye kitovu. Lusia akasoma: "Funga kwa uzi uliochemshwa, kisha ukate." Mwanahawa akamchora mtoto, akamchora mama, na kati yao kitovu chenye fundo moja. Kalamu ikasimama.

"Nikate upande gani wa fundo?"

"Mafundo ni mawili. Unakata katikati."

"Mawili hukuandika."

Lusia akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe. Kweli hakuandika.

"Sasa mtu akikata upande huu wa mtoto," Mwanahawa akasema, kidole kikiwa juu ya picha, "si damu itamtoka mtoto?"

Lusia akaiweka karatasi chini. Alikuwa amemkumbuka Tusajigwe wa Igawa, mmoja wa wanawake aliowapa kurasa zake. Mwaka uliopita Tusajigwe alimzalisha jirani yake kwa kufuata zile kurasa, na mtoto akatokwa na damu kitovuni mpaka akafa. Habari ilipofika misheni Lusia alisema mbele ya watu kwamba yule mwanamke ni mzembe. Tangu hapo Tusajigwe hakuitwa tena kuzalisha.

"Chora mafundo mawili," Lusia alisema mwishowe. "Acha nafasi ya vidole viwili kati yake." Sentensi aliiandika upya mara nne. Mchana ule hakula. Mwanahawa alimwekea chai, asimuulize kitu.

Picha zote zilipokauka Lusia alizifunga kati ya vipande viwili vya kadibodi, akakata tiketi ya Igawa badala ya Mbeya. Alimkuta Tusajigwe akipepeta mchele.

"Nimekuja kwa ajili ya yule mtoto. Ulifunga fundo moja?"

"Moja. Ndivyo ulivyoandika; upande wa kukata hukuutaja, nikakata wa mtoto."

"Ndivyo nilivyoandika. Kosa ni langu, nami nikakutwika wewe."

Tusajigwe akaweka ungo chini. Kisha akasema, "Kamwambie mama yake. Mimi siku hizi sipiti mlangoni kwake."

Walikwenda wote wawili. Mama wa mtoto, jina lake Jaha, aliwasikiliza amesimama mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Aliomba kuona picha. Lusia akamwonyesha ile ya kitovu. Jaha akaitazama kwa muda, akairudisha, akaufunga mlango.

Kabla hajaupeleka tena muswada, Lusia alizunguka milimani wiki tatu akizikusanya kurasa zake za zamani. Alikuwa amezigawa kwa wanawake kumi na sita. Alizipata za kumi na wanne, akazichoma.

Kitabu kilitoka mwaka 1957, jina la Mwanahawa likiwa chini ya la Lusia kwa herufi ndogo. Tusajigwe alipelekewa nakala na kuombwa arudi kwenye kazi. Akajibu kwamba kitabu amekipokea, kazi hapana. Lusia aliendelea na ukunga miaka mingine minane, na kila aliposikia kwamba kichanga amekufa mahali fulani, swali lake la kwanza lilikuwa kitovu kilifungwa vipi.