Kitabu cha Safura Tulichokisomea Uani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawasawa kwanza. Sikuyaandika ili mnionee huruma kwamba bibi yenu hakwenda shule. Shule sikwenda, lakini chuoni nilikwenda, huko Kisarawe nilikozaliwa, nikahitimu Kurani, na kwa herufi za Kiarabu niliweza kuandika barua ya Kiswahili ikafika na ikasomeka. Wangapi kati yenu wanaweza? Basi tulieni. Nataka kuwaeleza juu ya kitabu kidogo cha bure, chembamba kama chapati, tulichokisoma wanawake wa kijiji cha Janga zama za Mwingereza, na namna tulivyokisoma mpaka kikatuingia.

Niliolewa Janga, kwa wakulima wa mihogo na mpunga kidogo. Nyumba ilikuwa ya baba mkwe wangu. Tulikaa humo yeye na mama mkwe, mume wangu, mdogo wake mume wangu ambaye ndiye shemeji yangu, mimi, na binti yangu wa kwanza. Huyo binti ndiye habari yenyewe. Alipofika umri wa kukimbia na kutumwa, badala ya kukimbia akawa anachoka. Viganja vikawa vyeupe, uso ukawa unamvimba asubuhi, na nikimwacha kidogo namkuta anabandua udongo wa ukutani anautafuna. Safura. Nilimbeba mpaka zahanati ya Mlandizi, akapewa dawa ya minyoo, na nyingine nyeusi ya kuongeza damu. Akapona, akanenepa. Mvua zikapita, safura ikarudi. Nikambeba tena, akapona tena, ikarudi tena. Safari ya tatu dresa wa zahanati alimvuta kope la chini akatazama, akaniambia, "Mama, dawa ninayo, lakini mtoto anaishiwa damu ya kusubiri dawa. Huko kwenu minyoo hii anaipata wapi?"

Mimi ningejua wapi? Mama mkwe alisema ni huo udongo, tumfunge mikono. Tukamfunga kwa kitambaa. Akawa anaulamba ukuta.

Ndipo akaja bwana afya kwa baiskeli, na furushi la vitabu nyuma. Akagawa, kila nyumba kimoja, bila senti. Juu ya jalada palichorwa unyayo wa mtu, na mnyoo mwembamba kama uzi. Baba mkwe hakukigusa.

"Cha serikali, tena cha bure?" akasema. "Leo kitabu, kesho kodi yake."

Mama mkwe alikipapasa akasema karatasi yake laini, itafaa kufungia tumbaku. Nikakitoa mikononi mwake kwa adabu, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Kilikuwa cha herufi za Kizungu nami sikuzijua, lakini yule mnyoo nilimtambua.

Shemeji yangu alikuwa amesoma shule ya serikali miaka michache, akiitembeza elimu yake kama mtu mwenye viatu vipya. Nikamwambia, "Shemeji, nifundishe."

"Nikufundishe wewe? Nitapata nini?"

"Nitaacha kuwaambia wasichana kwamba unakoroma."

"Lete kitabu," akasema.

Tukaanza alasiri, uani, wakati wa kumenya mihogo. Majirani wakasikia, wakaja na visu vyao na vitabu vyao. Na sisi kusoma tulikujua kwa njia moja tu, ile ya chuoni: mmoja anatangulia, wengine wanaitikia, kwa sauti na mahadhi, miili inayumba, mpaka maneno yakae kifuani. Herufi zilipotukubali, basi kitabu cha safura tukakisoma hivyo hivyo. Hatukukawia kukihifadhi chote, jalada hadi jalada, tukikisoma macho tumefumba na visu vinakwenda. Shemeji akatamba kijiji kizima kwamba darasa ni lake.

Bwana afya alipopita tena tulimsomea. Alifurahi mpaka akavua kofia. Halafu akasema, "Haya, mama mmoja anieleze. Mnyoo unaingiaje mwilini?"

Jirani yangu mmoja, mwanamke mnene aliyetushinda sote kwa sauti, akakohoa, akaanza ukurasa wa kwanza.

"Hapana, mama, nipe jibu tu."

"Si ndiko ninakokwenda, baba? Subiri."

Akasubiri, angefanya nini. Yule mama akasoma mwendo wake, akalifikia jibu, akalipita, akaenda nalo mpaka mwisho wa kitabu akafunga kwa dua. Tulicheka wote, bwana afya naye akacheka. Lakini alipokuwa anapanda baiskeli nilimsikia akimwambia shemeji, "Wamekihifadhi. Kukisoma bado."

Nilichukia. Hata usingizi wa mchana ulinikataa. Kesho yake nikakaa peke yangu, binti yangu kalala pajani, mwepesi kuliko ungo. Nikasoma mstari mmoja, bila mahadhi. Nikakifunga kitabu. Nikajieleza mwenyewe kwa maneno yangu, kama ninavyomweleza mtu bei ya mihogo. Mayai ya mnyoo yamo katika kinyesi cha mgonjwa. Haya. Kinyesi kikiwa chini, mahali pa unyevu na kivuli, vinyoo vinaanguliwa, vidogo, huvioni. Haya. Vinatoboa unyayo. Haya. Nikafungua tena: kila mtu wa nyumba atumie choo. Nikafunga. Kila mtu wa nyumba, ndiye nani?

Choo tulikuwa nacho, tena kizuri, kimechimbwa kwa amri ya jumbe. Alikwenda baba mkwe, alikwenda mume wangu na shemeji. Sisi wanawake hatukukikanyaga. Mkaza mwana aingie anamoingia baba mkwe wake? Aonekane kwenye njia ile ile? Hiyo ilikuwa aibu ya kumrudisha mtu kwao. Tulikwenda kichakani, nyuma ya shamba la mihogo, penye majani na ubichi, mimi na mama mkwe. Na tukienda tulimshika mtoto mkono, tukaenda naye, miguu mitupu. Nyumba zote za Janga zilikuwa hivyo. Tulipokuwa tukiimba "kila mtu wa nyumba" hakuna mwanamke aliyejihesabu.

Nikamweleza mama mkwe. Akaweka ungo chini.

"Unataka ukachuchumae alipochuchumaa mkweo?"

"Sitaki, mama. Nataka choo cha pili, chetu sisi."

"Basi mwambie mwenyewe."

Alijua siwezi. Mimi na baba mkwe hatukusemeshana tangu nilipoingia nyumba ile, ndiyo heshima yenyewe. Yeye alikaa barazani mbele, mimi uani, katikati ua wa makuti, na la kusemwa lilipelekwa na mtoto. Lakini ua wa makuti hauzuii sauti. Alasiri wenzangu walipokuja, nikasoma mimi, polepole na kwa nguvu: "Kila mtu wa nyumba atumie choo."

Kule barazani tasbihi ikasimama. Kisha nikamsikia, "Mjukuu wangu, kamuulize mama yako, nani hapa hatumii choo."

Binti yangu akaja, anahema. "Babu anauliza nani hatumii choo."

"Mwambie babu, ni mimi, na bibi yako, na wewe."

Akaenda. Akarudi. "Babu anasema choo kipo."

"Mwambie kipo, ila ni cha wanaume, nami heshima yake siwezi kuivunja."

"Mtoto leo amekuwa posta," akanong'ona yule jirani mnene, na wenzake wakajiziba midomo kwa kanga.

Akaenda tena. Tukasikia babu yake anamwagiza, "Kamuulize, nyumba moja vyoo viwili, tumekuwa boma la serikali?" Jibu tukalingoja, mtoto haji. Alikuwa ameketi mchangani pale penye mwanya wa ua, mkono kifuani, midomo haina rangi. Akasema kwa sauti ndogo, "Ngojeni. Napumzika, nitakuja."

Nilitaka kuinuka nikamchukue. Nikajizuia. Nilitaka babu yake amwone.

Akamwona. Tukasikia makubadhi yanaburuzika, kivuli kikasimama kwenye makuti. Akakohoa. Kisha akaita mwenyewe, bila mtoto, "Mkwe."

Wanawake wote wakajitanda. Nami nikajitanda, nikasema, "Abee, baba."

"Hicho kitabu kinasema pachimbwe wapi?"

Nikafungua nikamsomea: mbali na kisima, upande wa bondeni. Mstari mmoja mmoja, na kila mstari nikakifunga kitabu nikamweleza. Hakunikatiza. Mwisho akasema, "Chagueni mahali wenyewe, wasipopita wanaume." Akainama akambeba mtoto akaenda naye barazani.

Mume wangu na shemeji wakachimba. Shemeji alitoka shimoni na udongo mpaka kwenye nyusi, akanilaumu, "Ningejua kusoma kwako kutanishukisha shimoni, ningekuacha na Kiarabu chako."

"Chimba, mwalimu," nikamwambia.

Tulikizungushia makuti, tukakitia kifuniko cha mbao, na kile kichaka nikakifyeka mwenyewe. Nikampeleka binti yangu zahanati kwa dawa, akapona. Mvua zikaja. Nikawa namgeuza viganja kila asubuhi. Mvua zikaisha, viganja vyekundu. Zikaja nyingine, bado vyekundu, na ukuta wetu hauna alama ya jino. Baba mkwe, yule wa kuogopa kodi, akawa anawaambia watu msikitini, "Kitabu cha mkwe wangu kinasema," utadhani nilikitunga mimi.

Nyumba baada ya nyumba wakachimba cha wanawake. Bwana afya alipokuja na furushi jingine la vitabu, vya mbu na vya chakula cha watoto wachanga, akamuuliza jirani yangu mnene swali lile lile. Hakukohoa. "Kwa unyayo, kule kichakani, na siku hizi hatuendi," akasema, akaendelea kumenya mhogo wake. Bwana afya alinitazama mimi. Nami nilimtazama vizuri sana.

Baadaye wakaja akina mama wa vijiji vingine kukiazima kitabu cha safura, wengine wamebeba watoto wenye viganja vyeupe. Wengi walitaka wakihifadhi upesi waondoke. Nikawakusanya watu wa nyumbani kwangu, shemeji akiwamo, nikawaambia:

"Kitabu hiki tulipewa bure, hakiuzwi na hakifichwi. Akija mwenye mtoto mgonjwa, mpeni hata kama mimi sipo. Lakini asitoke uani mpaka asome mstari mmoja, akifunge, awaambieni kwa mdomo wake umesema nini na ataanza nini akifika kwake. Akiimba, mrudisheni pale pale aanze tena, hata kama mihogo inaungua jikoni."