Sauti ya Shangazi Niliyoifuta

Shangazi yangu alizijua nyimbo za Kishambaa za kumsindikiza bibi harusi, na alipofikia uzee hakubaki mwingine, katika vijiji vyetu vya juu ya Bumbuli, aliyezijua mpaka mwisho. Sisi wengine tulikuwa na vibwagizo tu. Kwa hiyo alipokuja mtafiti wa lugha kutoka chuo kikuu cha mbali, mimi mwenyewe nilimpeleka kwake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na niliona ni jambo jema. Yule mgeni alikaa nasi siku nne, akala bada, ule ugali wetu wa muhogo, bila kuchagua, akamrekodi shangazi uani akichambua maharage. Nami nikarekodi video kwa simu yangu, nyimbo kumi na moja. Mgeni alipoondoka, nikaweka wimbo mmoja mtandaoni. Ndugu walioko Tanga na Dar wakawa wanampigia shangazi kumsifu, naye akawa anasema, "Kumbe nafika huko kote!"

Miezi michache baadaye ujumbe wa sauti ukaingia kwenye grupu letu la wakulima wa chai. Alikuwa mwanamume anayeongea taratibu kama msomaji wa taarifa ya habari. Alisema umetiwa saini mkataba wa biashara na nchi za nje, na ndani yake kuna kifungu cha hakimiliki: kila wimbo au picha iliyowekwa mtandaoni ni mali ya kampuni itakayowahi kuisajili, na atakayekutwa nayo kwenye simu atalipa faini au atafungwa. Mwishoni akahimiza, "Tuma kwa wengine kabla hawajaufuta ujumbe huu."

Sikuuamini. Mkataba gani? Na nchi zipi? Hakutaja. Lakini sikuupuuza pia. Bei ya chai yetu huamuliwa mahali tusipopajua, kwa karatasi tusizowahi kuziona. Mtu aliyezoea hivyo haoni ajabu kuambiwa kwamba hata nyimbo zake zimeshapata mnunuzi.

Siku tatu baadaye video ya shangazi ikazuiwa. Kwenye simu lilikuja tangazo kwamba sehemu yake ni mali ya kampuni fulani, ya jina la kigeni. Nikamfikiria yule mgeni na adabu zake zote, na jinsi alivyokuwa akiandika kila kitu kwenye daftari.

Nilipofika kwa shangazi, habari ilikuwa imeshanitangulia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa hapo. Nasikia nimeuzwa."

"Nani amekuambia?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza. Ulimleta nani nyumbani kwangu?"

Nikamwandikia mgeni maneno makali hapohapo, mbele ya shangazi. Hakujibu siku ile wala iliyofuata. Ukimya wake nikauchukua kuwa ni kukiri. Siku ya tatu shangazi akaniita uani, akaniambia nifute kila kitu, naye aone. Nikawa nacheza kila wimbo kidogo kisha naufuta, na yeye anahesabu kwa vidole. Ulipofika wa kumi na moja nikasita.

"Na huo," akasema. "Ukibaki mmoja si wataufuata?"

Nikaufuta.

Jibu la mgeni lilikuja jioni ya siku hiyohiyo. Alikuwa kijijini kusikokuwa na mtandao. Hakumpa mtu yeyote rekodi zake, alisema, na akanisihi nilisome lile tangazo mpaka chini. Jumamosi nikashuka Lushoto mjini, kwa dada mmoja mwenye steshenari anayeyaelewa mambo hayo. Alilifungua, akaonyesha dakika na sekunde zilizotajwa, akacheka. Shangazi alipokuwa akiimba, redio ya jirani ilikuwa ikipiga wimbo wa kisasa. Kampuni ilidai wimbo ule wa redio. Shangazi hakutajwa popote.

Kuhusu mkataba, nilimuuliza mwanasheria mmoja aliyekuwa mjini siku hiyo.

"Mazungumzo ya biashara yapo siku zote," alisema. "Kwamba nyimbo za shangazi yako zimeuzwa humo, hilo sijaliona."

"Mkataba wenyewe umeusoma?"

"Mwalimu, mikataba hiyo ina kurasa nyingi."

Nikapanda nyumbani na nusu ya wasiwasi wangu.

Nilimweleza shangazi habari ya redio. Akasema, "Kwa hiyo wimbo wa redio una mwenyewe. Wangu je?" Nilipomwomba turekodi upya, akasema nisubiri kwanza. Masika yakaingia, kifua kikambana, akafariki kabla sijamwomba tena.

Baada ya mazishi binti yake, binamu yangu, akaniuliza kwa upole, "Zile nyimbo za mama si unazo?" Sijui kama nimewahi kutamka neno zito kuliko nililomjibu. Ikabidi nimwandikie mgeni yuleyule niliyemwita mwizi. Alituma zote kumi na moja siku ileile, bila neno la lawama, na salamu za pole. Binamu aliposikia mama yake akikohoa katikati ya ubeti, akalia.

Baba yangu, kaka wa marehemu, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kama huyu anazo, nani mwingine anazo?"

Nikaandika karatasi kwa mkono: nyimbo ni za watoto wa marehemu, asimpe mtu bila kuwauliza. Mgeni akasaini, akanirudishia picha ya karatasi hiyo kwa simu. Nimeihifadhi, ingawa sijui ina nguvu gani.

Mwaka huu mjukuu wa shangazi aliolewa. Wanawake wa ukoo tulikuwa tumejifunza nyimbo tatu. Katikati ya wimbo wa pili msichana mmoja mgeni, kutoka upande wa bwana harusi, akainua simu yake. Nikamshika mkono, nikaushusha. Alinitazama kama mtu aliyemwona kichaa, na wala sikuwa na muda wa kumweleza. Baadaye kidogo akaiinua tena, nami nikamwacha, maana ubeti wangu ulikuwa umefika.