Kadi Ambayo Yaya Hakuwa Nayo

Kosa ni langu. Sitavisingizia vita. Mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alikufa kwa sababu ya hesabu yangu, na hesabu yenyewe niliiandika kwa mwandiko mzuri!

Ilikuwa wakati wa vita, hapa mjini Baraka. Shule yetu ilifungwa, nikajifundisha hesabu peke yangu kwa kitabu kisicho na jalada. Kituo cha afya kikanipa kazi ya kupanga kadi za chanjo. Kadi moja ikipinda kona, nilikosa raha siku nzima.

Pale kulikuwa na desturi. Mtoto akifa, mama yake alirudisha kadi, ili siku ya chanjo jina lisiitwe tena mbele ya watu. Hizo nilizitunza kwenye katoni ya peke yake.

Siku moja nikazipitia zote. Kila kadi ilikuwa na alama ya sindano ya surua. Kila moja! Nikahesabu mara tatu. Kadi hazikusema kama mtoto aliuawa na malaria, njaa au risasi, nami sikujiuliza. Sikumuuliza hata muganga, yule daktari wa kituo. Niliogopa atanicheka.

Nikakimbilia kwa yaya, nikamkuta anaanika ndagala, wale samaki wadogo, mwanawe Mapenzi akiwa mgongoni. Mtoto huyo alizaliwa tukiwa mafichoni. Kesho yake ndipo angechanjwa na kuandikiwa kadi ya kwanza.

“Yaya, usimupeleke kesho. Batoto bote benye kufa balichomwa ile sindano.”

“Ee, dokta ya karatasi! Sasa we unajua kupita muganga?”

“Nimehesabu mara tatu.”

Akaacha kucheka. “Kama ni we umehesabu, mudogo wangu, basi. We hakuna siku umekosa.”

Ole wangu! Laiti ningekuwa mtu wa kukosea-kosea, asingenisikiliza.

Mapigano yakaturudia, tukakimbia. Surua ikatukuta njiani, watu wamelala wamebanana. Macho ya Mapenzi yakawa mekundu, vipele vikamjaa, akakataa kunyonya. Tulimzika kando ya shamba la mihogo, juu ya kijiji cha Lweba, bila hata ubao wa jina.

Tuliporudi Baraka, nikarudi kwenye kadi zangu. Siku ya chanjo, yaya akaja kuniita nyumbani, akasimama mlangoni. Mama aliyemtangulia alinipa kadi ya mwanawe marehemu. Nikaipokea, kisha kwa mazoea nikamnyooshea yaya mkono.

Akautazama ule mkono.

“Mi nikurudishie nini, mudogo wangu? Mutoto yangu hakukuwa na kadi.”

Hapo ndipo nilipoielewa katoni yangu. Kadi tuliiandika siku ya sindano yenyewe: asiyechanjwa hana kadi, na akifa mama yake hana cha kurudisha. Wangapi walizikwa milimani, wangapi kule Swima, bila katoni kuwajua? Na waliochanjwa wakaishi, kadi zao zilikuwa nyumbani kwa mama zao! Nilihesabu karatasi nikadhani nimehesabu watoto.

Katika hesabu ile, hadi leo, Mapenzi hajafa.

Yaya hajanitukana. Ananisalimu, ananipakulia ugali. Ila haniiti tena dokta ya karatasi, na mimi ningetoa chochote aniite hivyo hata mara moja.

Wewe unayependa kuhesabu kama mimi, nakuomba: kabla hujamtisha mama yeyote, uliza ni nani hakuweza kufika mbele yako ahesabiwe. Uliza mapema. Mimi nilijibiwa mlangoni, na aliyenijibu alikuja mikono mitupu.