Matuta ya Shimo la Sita

Watu wa Pito walishamzoea Isdori. Kila asubuhi walimkuta katikati ya uwanja usio na mtu, mzee mrefu mwenye koti la mtumba, anaburuta ubao uliofungwa kamba ili kusawazisha mchanga. Walimwamkia, wakamcheka kidogo, wakaendelea na safari zao za shambani. Mtu mzima anapiga mchanga pasi! Lakini Isdori hakuwa na kichaa. Ule ulikuwa uwanja wa gofu, na yeye ndiye aliyebaki kuutunza.

Wazungu wa zamani waliuchora uwanja ule, na baba yake Isdori alikuwa mmoja wa vijana waliobeba udongo. Una mashimo tisa. Nyasi laini za kuzungushia shimo hazivumilii kiangazi cha Ufipa, kwa hiyo kila shimo lilitandikiwa kitanda cha mchanga uliochanganywa na oili chafu, na mchezaji akishapita, nyayo zake lazima zifutwe. Isdori alianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji, akapanda akawa mtunza uwanja, akaoa, akajenga nyumba pembeni kwa ruhusa ya klabu. Watoto wake wawili wako Tunduma, na simu zao hupatikana siku mtandao ukipenda. Mkewe Hellena alitangulia mbele ya haki. Wachezaji nao waliisha mmoja mmoja: huyu kahamishwa, yule kastaafu, mwingine tumemzika. Mwishowe klabu nzima ikawa Mwalimu Zenon, katibu, aliyekuja Jumapili baada ya misa na fimbo zake chache, mpaka magoti yake nayo yakagoma.

Ungemwuliza Isdori ana nini hapa duniani, angekujibu ana shimo la sita.

Mashimo mengine yalikuwa ya kawaida, unapiga mbele, unafuata mpira, unapiga tena. La sita lilikuwa na akili. Unasimama juu ya kilima kidogo, bondeni kushoto kwako kijito kinakwenda nawe sambamba mpaka mwisho, na bendera iko kule mbali kwenye kitanda cha mchanga kilichoinamia maji. Kulia ni kweupe, unaweza kuchezesha timu mbili za mpira wa miguu. Mtu mwenye kujipenda anapiga kulia. Sasa anafika kwenye mpira wake, anainua macho, haoni njia ya bendera. Mbele yake yamesimama matuta. Hawezi kuuviringisha mpira, lazima auinue juu, na mpira uliotoka juu ukitua kwenye mchanga wa oili hausimami, unateremka wenyewe mpaka kijitoni. Yule aliyethubutu tangu mwanzo kupiga karibu na maji ndiye anayekuta mlango uko wazi, anausukuma mpira polepole chini chini, unaingia kama mwenye nyumba.

Isdori alilipenda shimo lile kuliko alivyowahi kumwambia mtu. “Hapa hakuna anayeonewa,” alikuwa akiwaambia wageni enzi wageni wapo. “Ukiogopa leo, utalipa mbele. Unachagua mwenyewe.”

Lakini matuta ni udongo. Mvua za miaka na kwato za ng’ombe ziliyala mpaka kuku akawa anaona upande wa pili, na matuta yakiisha shimo lote linakuwa bubu. Hapo ndipo Mwalimu Zenon alipokuja na habari mbili, mbaya na nzuri. Mbaya, uwanja unataka kukatwa viwanja vya nyumba, kwa sababu hakuna anayecheza. Nzuri, kuna chama cha watu wa gofu kinachofufua viwanja vya zamani, na wamesimuliwa na wachezaji wazee juu ya shimo la sita la Sumbawanga.

“Mtaalamu wao atakuja Desemba,” alisema Mwalimu. “Akilikuta shimo kama alivyosimuliwa, wanauchukua uwanja na wewe ukiwa humo. Asipolikuta, Isdori, hatuna cha kusema. Na wanaogawa ardhi wamekubali kungoja mpaka yeye aseme.”

Februari ile, nyasi zikiwa zimefika kiunoni, Isdori alichukua jembe akaanza kuyajenga upya matuta. Aliyajenga kwa namna moja tu aliyoijua, namna ya kinamama wa kwao: unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazigeuza kichwa chini, unazirundika kwa mviringo, unafunika kwa udongo mpaka linasimama tuta kubwa la duara. Ntumba, kama wanavyoyaita Wafipa. Nyasi zinaoza ndani yake, na mvua za mwaka unaofuata zikianza tuta hutifuliwa, mbolea ikasambazwa, ulezi ukapandwa. Ndivyo shamba linavyolishwa Ufipa, na hakuna anayehitaji kufundishwa. Isdori alijua kabisa yake hayatatifuliwa. Alitaka yasimame tu, yaote nyasi, yazeeke.

Pito ilishangilia. “Isdori akili zimemrudia!” walisema kinamama wa jumuiya wakipita. “Ameona bora ulezi kuliko bendera!” Wakamwuliza mbona hajapanda hata maharage juu ya matuta yake. Naye, mwanamume aliyechoka kueleza gofu kwa watu waliokwisha kuamua kucheka, alicheka nao tu akaendelea kulima. Angesema neno moja siku ile! Lakini nani hulitafuta neno ambalo hajajua kuwa atalihitaji?

Ilipofika Oktoba matuta yalikuwa yamesimama barabara, marefu kumpita mtu aliyechuchumaa, majani mabichi yameanza kuchungulia juu yake. Isdori alipanda kilimani pa kuanzia, akatazama chini, akaiona njia ya kulia imefungwa na ya kijitoni imefunguka. Alikaa chini akalia, machozi ya mtu aliyepata. Kisha Novemba ikaja na mvua za kwanza na baridi ya upepo kutoka milima ya Mbizi, kikohozi kikamshika, kikashuka kifuani. Mwalimu Zenon alimkuta kitandani haongei, akampeleka hospitali mjini. Walisema ni homa ya mapafu, na ilikuwa bado kidogo afe.

Kijijini Mwazye habari zilifika kesho yake. Bertilla, dada yake mkubwa, hakumaliza hata kupika. Huyu ndiye aliyemlea Isdori baada ya mama yao kufa, aliyembeba mgongoni akienda kuteka maji. Alipanda gari na kuku mmoja chini ya kwapa na jembe lake limefungwa kwenye kitenge, maana Bertilla hawezi kulala nyumba ya watu bila jembe lake. Asubuhi alipeleka uji hospitali, mchana alirudi Pito kufagia na kupika tena. Na kila alipotoka mlangoni alikutana na yale matuta.

Mvua zimeanza, majirani wote wanatifua, na matuta ya mdogo wake yamesimama. Uchungu ulimshika Bertilla, acha mchezo. Kwa Mfipa, matuta yaliyosimama mvua ikinyesha ni tangazo mbele ya nyumba: hapa anakaa mvivu, au hapa pana msiba. Mdogo wake hakuwa mvivu, na hakuwa amekufa. Bertilla akaenda kwa kinamama wa jumuiya, akawaomba, na hao hawakuombwa mara mbili. Mgonjwa ni mtu wao, Isdori amewasawazishia njia ya kanisani miaka yote. Walikuja na majembe wanaimba. Mpaka jua linaelekea kutua tuta la mwisho lilikuwa limetifuliwa, udongo mweusi umesambazwa mpaka pembeni mwa kijito, ulezi umemwagwa. Walikubaliana wasimwambie mgonjwa. Akirudi, ajionee.

Isdori alirudishwa kwa bajaji, amefungwa mablanketi mawili, siku chache kabla ya mgeni kufika. Bajaji ilipopinda kuelekea nyumbani alimwambia dereva asimame. Alitazama. Alidhani homa bado imo machoni. Palipokuwa na matuta palikuwa na ardhi tambarare, laini, nyeusi, nzuri kabisa, na juu yake rangi ya kijani ya ulezi iliyoanza kuchomoza.

“Umeona?” Bertilla alikuwa ameketi kando yake, anatabasamu mpaka meno ya nyuma. “Hatukutaka kukuambia. Kinamama wote walikuja, Isdori. Hata Gaudiosa mwenye mimba, tulimkataza akakataa. Nilisema mdogo wangu hatarudi akute shamba lake linamcheka.”

Isdori alimtazama dada yake, mikono yake iliyopasuka kwa jembe, mgongo wake ambao yeye mwenyewe aliupinda alipokuwa mtoto. Angemwambia nini? Kwamba amemzika mdogo wake?

“Asante, dada,” alisema. “Mmefanya kazi kubwa.”

Mwalimu Zenon hakuwa na dada pale. Alipofika jioni ile akaona, alitupa kofia chini. “Nani? Niambie nani, Isdori!” Bertilla alikuwa jikoni, moshi unatoka, anaimba. Isdori alimvuta Mwalimu mkono mpaka nyuma ya nyumba.

“Mimi.”

“Wewe ulikuwa kitandani!”

“Mimi, Mwalimu. Niliagiza mimi. Homa ilinipanda kichwani.”

Mwalimu Zenon alifundisha darasa la kwanza miaka mingi, uongo anaujua kwa sura. Aliokota kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Mtaalamu alikuwa mwanamke, Margareth, kijana bado, mwenye viatu vya matope na heshima zake. “Shikamoo, mzee,” alimwamkia Isdori. “Pole na kuumwa.” Alitembea mashimo yote tisa bila haraka, akapiga magoti kugusa mchanga wa oili, akausifu, na hakusifu kwa kujipendekeza. Shimo la pili lilikuwa na mashimo mengine, ya wachoma tofali, na la tisa lilikuwa njia ya bodaboda, lakini alisema hayo yanatengenezeka. Alikuwa anangoja la sita.

Walisimama pale kilimani, yeye, Mwalimu, na Isdori juu ya kigoda alichobebewa. Bertilla aliwafuata na chupa ya chai, maana mgeni hatembezwi na njaa. Margareth alitazama bondeni. Alitazama tena. Akatoa mpira, akapiga kulia, kule kweupe, palipo salama. Wakateremka taratibu, Isdori ameegemea bega la dada yake. Margareth aliukuta mpira wake, akainua macho, na bendera ilikuwa mbele yake waziwazi, hakuna kitu katikati. Akausukuma chini chini katikati ya ulezi, ukaviringika mpaka kando ya shimo.

Hakufurahi. “Hapa hakuna cha kuchagua,” alisema polepole. “Nani atapita kijitoni, kama huku pako wazi hivi? Mzee, niliambiwa kuna matuta.”

“Yalikuwepo.”

“Yanaweza kujengwa tena kabla sijaandika? Wanataka jibu langu kabla ya Krismasi.”

“Yanajengwa Februari, mwanangu. Nyasi zikiwa ndefu.” Isdori alipokea kikombe cha chai kwa mikono miwili. “Na kwa nguvu ambazo sina.”

“Nani aliyavunja?”

Bertilla alikuwa anamimina chai, hatua moja kutoka kwao. Aliinua kichwa kwa furaha, tayari kusema, kwa sababu mtu anapouliza habari za kazi nzuri, mwenye kazi hujibu.

“Mimi,” Isdori aliwahi. “Niliona bora ulezi.”

Margareth alimtazama yeye, akamtazama Bertilla, akaelewa labda yote, labda nusu. Alikunywa chai yake mpaka mwisho na kushukuru. Alipoaga alishika mkono wa Isdori kwa mikono yake miwili, akasema laiti angekuja mwezi mmoja nyuma. Hakumdanganya kwamba atajaribu.

Jibu lilitoka kabla ya Krismasi, nalo lilikuwa lile waliloliogopa. Januari walikuja wapimaji na vigingi vyao, wakapita katikati ya ulezi uliokwisha kufika magotini, wakapigilia kigingi kimoja katikati kabisa ya kitanda cha shimo la sita. Nyumba ya Isdori ilikuwa imeangukia kwenye barabara ya mtaa mpya. Atahama mvua zikiisha, walimwambia kwa adabu, na yeye akaitikia kwa kichwa. Hakuwauliza kitu. Tangu siku ya Margareth alikuwa hauburuti tena ule ubao. Asubuhi aliketi mlangoni na koti lake, na mchana alikuwa bado ameketi.

Bertilla aligombana na wapimaji juu ya ulezi wake mpaka sauti ikamkauka, akarudi anahema, akaketi kwenye kizingiti karibu na mdogo wake.

“Basi wachukue,” alisema. “Ardhi ni ya serikali. Lakini mimi namshukuru Mungu kwa jambo moja, Isdori. Yule dada mgeni mwenye heshima zake, watu wametoka mbali kuja kukuona. Wangefika wakakuta yale matuta bado yamesimama, wangekwenda kusemaje juu yako?”

Isdori alimshika mkono. “Ni kweli, dada,” alisema. “Uliniokoa na aibu.”

Naye Bertilla, ambaye hakuwa amesifiwa na mtu kwa muda mrefu, alianza kulia kwa furaha.