Kidole cha Mama na Sahani ya Halua

Nilimwita mama yangu mzazi mwongo, na shahidi wangu alikuwa mashine.

Mama ana sukari, na miguu haimruhusu tena kushuka ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Basi kila Ijumaa asubuhi muuguzi alipanda na mkoba wake: kijidude cha kuchoma kidole, ukikibonyeza kinachoma na kurudisha sindano chenyewe, na mashine ya kiganjani ya kupima tone la damu. Wiki tatu mfululizo mashine ilisoma juu. Wiki tatu daktari aliagiza insulini iongezwe. Na kila alfajiri nilimkuta mama amelowa jasho, midomo inamtetemeka. Niliogopa kwamba siku moja hataamka.

"Unakula halua kwa siri," nilimwambia.

"Wallahi sijaonja."

"Mashine haisemi uongo, mama."

Akageukia ukutani.

Siku za mwizi ni arubaini, nikasema moyoni. Ijumaa ya nne niliomba ruhusa kazini, nikakaa chumbani mwake tangu alfajiri. Hakula kitu ila uji usiotiwa sukari. Muuguzi akapiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kwa mama, mgeni hakai bila kupewa kitu. Alivuta sahani ya wageni, akammegea halua kwa vidole vyake mwenyewe, akamwekea kando ya kikombe cha kahawa. Akajifuta kwenye kanga, akatoa kidole. Muuguzi akakipitishia pamba ya spiriti mara moja, akachoma.

Kumi na tisa. Juu tena.

Akatoa simu ampigie daktari. Nikamshika mkono.

"Subiri. Anawe kwanza, kwa sabuni."

"Dada, nshampaka spiriti."

"Spiriti haiondoi sukari ya halua. Nnasema anawe!"

Nilijua napiga kelele, wala sikujali. Nilileta beseni na birika, nikamsugua mama vidole kimoja kimoja mpaka ule ute wa halua ukaisha. Muuguzi akachoma kidole kingine.

Sita. Sukari ya kawaida.

Alipima tena, ikatoka sita ileile. Akampigia daktari, na dozi ile, iliyokuwa ikimshusha sukari mpaka jasho la alfajiri, ikapunguzwa papo hapo. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, mkono wa mama umo mkononi mwangu, naona haya hata kuinua uso.

"Vidole vyangu vishaoshwa," mama akasema. "Sasa na wewe nenda kauoshe huo mdomo."