Pasaka Niliyompangia Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka. Alianguka kutoka paa la nyumba moja Mbegani, mchana kweupe, na alipotaka kuinuka miguu haikumtii. Madaktari walituambia uti wa mgongo umeumia lakini haukukatika: huenda akatembea, huenda asitembee. Akapelekwa kwenye wodi ya wagonjwa wanaofundishwa upya kukaa, kusimama na kuvaa suruali. Humo alikaa miezi saba.

Mimi ni fundi cherehani, nyumbani kwetu Kaole. Asubuhi nilishona, mchana nikapika, saa kumi nikawa kando ya kitanda chake na chupa ya uji na rozari. Kila siku nilimwekea mkono mgongoni, nikasali. Mwezi wa tatu wa kulazwa kwake nilimnunulia ndala mpya, nikazipanga chini ya kitanda, vidole vikielekea mlangoni. Alizitazama tu.

Kwaresima ilipoanza, nilisimama kwenye jumuiya yetu nikatangaza kwamba nimeota. "Nimeonyeshwa mume wangu amesimama," nilisema. "Pasaka hii atatembea." Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mstaafu wa ualimu, akapanga papo hapo: Jumatatu ya Pasaka tungekwenda wote wodini, na kwaya, na simu za kurekodi ushuhuda. Wengine wakaanza kufunga kwa ajili yake. Nilirudi nyumbani mwepesi kama niliyeshushiwa mzigo.

Wiki kadhaa baadaye niliinama kuokota kifuniko cha chupa, nikaziona zile ndala. Zilikuwa na vumbi. Ya kushoto ilikuwa imelika mbele, upande wa kidole gumba, kama kitu kilichoburuzwa kwenye sementi. Kazi yangu ni kutazama nguo na kujua mwenye nguo anakaaje, anainamaje, begani anabeba nini. Ndala ile ilikuwa na mtu ndani yake.

"Nani anavaa ndala zako?" nilimuuliza.

"Wakipiga deki huzisukuma."

"Deki inakula ndala?"

"Mke wangu, umekuja kuniona mimi au ndala?"

Kitanda cha pili alilala mzee mmoja mkulima wa Miono, Mwislamu, aliyepooza upande mmoja. Mzee huyu kila siku alinipa habari zote za jirani yake, hata amekohoa mara ngapi. Nikamgeukia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za Kaole?"

"Salama. Eti mzee, kuna mtu anatumia ndala za mwenzako?"

Akatazama dirishani. "Mie zangu hizi hapa," akasema. "Za mwenzangu sizijui."

Muuguzi aliyekuwa akipanga dawa aliinamia sinia lake, nikaona mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Tangu siku hiyo nilikuwa nasali jicho moja likiwa wazi. Nilimshika mikono, nikakuta viganja vina sugu mpya, ilhali zile za kazi zilikuwa zimeshalainika kwa kulala. Sikufurahi. Nilijiambia kuna jambo analetewa. Watoto wa yule mzee walikuwa wakimletea kombe, zile aya zinazoandikwa kwenye sahani kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa, naye mzee ni mkarimu. Nikaanza kunusa kikombe cha mume wangu akisinzia. Nilitafuta rangi ya zafarani kwenye kitambaa chake cha mdomo. Wakati huohuo nilikuwa na rozari mfukoni, na jumuiya nzima inafunga kwa ajili ya neno langu.

Hatimaye sikungoja saa kumi. Nilifunga cherehani siku nzima, nikafika hospitali saa moja na nusu asubuhi. Kitandani hayupo, na mzee hayupo. Nikafuata varanda mpaka chumba cha mazoezi, nikasimama pembeni ya dirisha.

Mume wangu alikuwa wima. Ameshika fremu ya chuma ya kutembelea, dada wa mazoezi yuko nyuma yake ameshika mkanda wa kiunoni. Alisogeza fremu, akaleta mguu wa kulia, kisha akauburuza wa kushoto. Jasho lilimtiririka puani. Yule mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu ukutani, anahesabu kwa sauti: "Kumi na nane. Kumi na tisa. Bismillahi, vuta. Ishirini!"

Kwa miezi nilikuwa nimeomba nione jambo hilohilo, na sasa nilipoliona nilipandwa na hasira. Nilimwonea mzee wivu. Kwa nini hesabu ile ilikuwa yake?

Walipomrudisha kitandani alinikuta nimekaa hapo. Mzee akaomba asogezwe nje kuota jua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Wiki ya tatu sasa."

"Na mimi ninayekuja kila siku?"

"Wewe ndiye niliyekuwa nakuogopa," akasema. Hakusema kwa ukali. "Ukiniwekea mkono mgongoni najisikia kama napekuliwa. Kina mama wa jumuiya wakija wananiuliza, 'Vipi, umeinuka?' Mmoja akaniambia imani yangu nyembamba. Mimi naanguka humu, mke wangu. Jana nimeanguka mara mbili. Nikianguka mbele ya kwaya na simu zao, watasema nimemwangusha Mungu wako."

"Mungu wetu."

"Haya, wetu." Akajifuta uso kwa shuka. Kisha akanitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye wiki zote zile. "Na ile ndoto. Uliota kweli?"

Nikasema ndiyo, niliota.

"Uliota Pasaka?"

Nilikuwa nimeota kweli: amesimama mlangoni kwetu, amenipa mgongo, anafunga mkanda. Basi. Hapakuwa na Pasaka, wala hakupiga hata hatua moja. Niliiongeza nikiwa nimesimama mbele ya watu, kwa sababu nilichoka kungoja, na nilidhani Mungu akishawekewa siku mbele ya mashahidi hataweza kukwepa.

"Pasaka niliitia mwenyewe," nikasema.

Alicheka kidogo, bila furaha. "Basi tumefichana wote."

Jumapili iliyofuata nilisimama tena kwenye jumuiya. Niliwaambia ndoto ilikuwa ndoto, tarehe ilikuwa yangu. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta kwa kanga yake muda mrefu.

"Sasa sisi tunaofunga tufungue?" akauliza mmoja.

"Mimi naendelea," akasema mwenyekiti. "Bado ni mgonjwa."

Yupo mwingine aliyesema nimelitumia jina la Mungu kama muhuri wa kughushi. Alisema kweli. Mpaka leo haleti nguo zake kwangu.

Jumatatu ya Pasaka kwaya haikwenda. Walikuja wanawake watatu na pilau, wakakaa, wakaulizia maumivu ya mgongo, wakampakulia na mzee wa Miono. Mume wangu alikula ameketi. Nilikuwa nimeanza kufika asubuhi mara moja kwa wiki. Nilikaa ukutani karibu na mzee, na baada ya siku kadhaa aliniambia nihesabu mimi, koo limemkauka.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani mvua za masika zilipokwisha. Anatembea na gongo, mguu wa kushoto anauburuza, juu ya paa hatapanda tena. Nilimtaka kanisani mapema. Alikwenda siku aliyotaka mwenyewe, akakaa benchi la nyuma, na katekista alipomwomba aseme neno akatikisa kichwa.

Wiki iliyopita nilikuwa nashona nikasikia kishindo karibu na bomba. Nikangoja, maana amenikataza kukimbilia. Kisha akaniita. Nilimkuta amekaa kwenye tope, ndoo imepinduka, gongo liko mbali.

"Nimeanguka," akasema.

"Naona."

"Usianze kunisalia. Nipe mkono kwanza."

Nikampa mkono, akajivuta, tukasimama. Nilikuwa nimeshaanza kusali kimoyomoyo, na aliponikazia macho kuniuliza ninawaza nini, nilimwambia nawaza ile ndoo.